Mche wa sabuni, mshipi, na ile ishirini na saba

Nauza sabuni ya mche. Nauza na vitu vingine, mchele, sukari, majani ya chai, biskuti za watoto, lakini haya ninayoandika leo ni ya sabuni ya mche, ile ndefu inayokuja kwenye katoni, mtu akitaka kipande namkatia na mwenye kufua sana anabeba mche mzima. Duka liko Langoni, hapa Lamu mjini, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima ajibanze ukutani mwenzake apite, na mbele ya duka kuna baraza ya mawe ambapo mpwa wangu, binti ya dadangu, hukaa baada ya laasiri na daftari lake. Yuko gredi ya 9.

Siku hiyo nilimsikia anakariri. Moja, nane, ishirini na saba, sitini na nne, mia na ishirini na tano, anaenda vizuri hadi mia mbili kumi na sita halafu akifika mia tatu arobaini na tatu ulimi unateleza, anasema mia tatu thelathini na nne, anajishtukia, anarudi mwanzo. Mara tatu. Mara nne. Mi napima sukari huku namsikiliza na moyo unaniuma, manake sauti ile ilikuwa ya mtu anayebeba mawe kutoka hapa hadi pale bila kuambiwa yanajenga nini.

Nikamuuliza, hizo namba za nini?

"Za kyubu, mjomba. Tunatakiwa tuzijue mpaka ishirini."

Kyubu ndo nini?

"Ni namba ukiizidisha mara tatu."

Nikachukua daftari. Pembeni ya ukurasa alikuwa ameandika kwa penseli 5³ = 15, halafu akafuta, halafu akaandika 125 juu yake, na alama ya 15 bado ilikuwa inaonekana chini. Hapo ndo nikaelewa tatizo liko wapi. Ukimwambia mtoto "izidishe mara tatu" ye atafanya tano mara tatu, na kwa maneno uliyomwambia ye ndo yuko sawa. 125 aliipata kwenye orodha lakini 15 ndo iliyotoka kichwani mwake, na nani wa kumlaumu.

Nikamwambia, sasa nionyeshe ishirini na saba iko wapi hapa dukani. Akanitazama kama nimeuliza jambo lisilo na maana.

Basi nikachukua mche.

Kyubu kwa Kiswahili inaitwa mchemraba, na mi nilishaliona hilo neno vitabuni siku nyingi bila kulifikiria, hadi jioni ile nikiwa nimeshika mche mkononi ndo likanifunguka. Mche, mraba. Mche ni umbo lolote ambalo ukilikata popote ule uso unaotokea ni uleule mwanzo hadi mwisho, ndo maana wa hesabu wana mche duara, mfano mkebe wa maziwa, na wana mchestatili, mfano tofali. Na mche wa sabuni ni mche kwa sababu hiyohiyo, nikikata huku au nikikata kule kipande kina uso uleule. Sasa mchemraba ni pale unapokata mche wenye uso wa mraba kwa urefu uleule wa upana wake, basi, umeshapata. Nilimwonyesha hivo kwa kidole, huu upana, huu urefu wa kusimama, nikikata hapa na huu wa kulala ni sawa na hiyo miwili, zote tatu sawa. Neno lilikuwa nyumbani muda wote, Bibi yake analitamka kila Ijumaa akituma sabuni, na mtoto anahangaika na kyubu.

Sabuni mi huikata kwa mshipi wa kuvulia, ule mwembamba wa nailoni, kisu kinaimenya na kuivunja pembeni lakini mshipi unapita kama unakata siagi. Unauzungushia, unavuta ncha mbili kwa mikono miwili, kipande kinaanguka. Nikachonga kipande kimoja mpaka kikawa sentimita 6 kila upande, nikapima kwa rula yake ya shule. Halafu wateja wakaja, magharibi ikaingia, mtoto akachukuliwa na mamake, nikakiweka kile kipande juu ya rafu. Zikaja tena siku za mitihani yao ya katikati ya muhula, kikakaa pale karibu wiki mbili.

Kukaa kule kumbe kulikuwa heri. Sabuni ya mche ikikaa wazi inakauka nje, inapauka, inaota kama ngozi ngumu nyeupe nyeupe, lakini ndani inabaki na rangi yake. Aliporudi tukaweka alama kila sentimita 2, tukakata kwa mshipi, mikato miwili kwa huku, miwili kwa huku, miwili kwa kulala, mikato sita tu. Vikaanguka kwenye sinia. Akahesabu: ishirini na saba.

Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Kumbe ni tatu, mara tatu, halafu tatu juu."

Hiyo sentensi ndo niliyokuwa naitaka. Tatu kwa tatu ni tisa, hilo ni tabaka moja, na matabaka ni matatu. Baada ya hapo hakuandika tena 15 kwa 5³. Tano kwa tano tabaka moja, ishirini na tano, matabaka matano, mia na ishirini na tano, anaiona.

Lakini macho yake yalikuwa yameshahamia kwingine. Alianza kuvigeuza vipande kimoja kimoja. Vingine vilikuwa na ngozi nyeupe pande tatu, vingine mbili, vingine moja. Akaanza kuvitenga mafungu bila mi kumwambia. Vya pande tatu nane, hivo ni vya pembeni kabisa, manake mchemraba una pembe nane. Vya pande mbili kumi na mbili, kimoja kwa kila ukingo. Vya upande mmoja sita, katikati ya kila uso. Nane na kumi na mbili na sita ni ishirini na sita. Akahesabu upya. Ishirini na sita. Akanitazama. Halafu akakiona kile kimoja kimelala peke yake, rangi tupu pande zote, hakina ngozi hata chembe, akakishika kwa vidole viwili akakileta karibu na jicho. "Hiki kilikuwa katikati," akasema, "hiki hakijawahi kuona hewa."

Mi nimekaa dukani miaka mingi na sijawahi kuona mtu akikitazama kipande cha sabuni namna ile.

Kesho yake tukafanya mchemraba wa nne, yaani wa vipande vinne kila upande, kwa kichwa tu, bila kukata. Pembe ni nane zilezile, haziongezeki. Kila ukingo ukitoa ncha mbili vinabaki viwili, kingo kumi na mbili, ishirini na nne. Kila uso ukitoa pembezoni unabaki mraba wa mbili kwa mbili, vinne, nyuso sita, ishirini na nne tena. Na ndani kabisa umejificha mchemraba mdogo wa mbili, nane. 8, 24, 24, 8. Jumlisha, 64. Akaipenda sana hiyo kwa sababu inasomeka sawa mbele na nyuma, na akagundua mwenyewe kwamba ndani ya kila mchemraba kuna mwingine uliopungua mbili, wa tano una watatu ndani, wa sita una wanne ndani.

Nikaona sasa amefunguka nikakata vipande vingine vitatu, jumla vinne, sabuni ndogondogo 108 kwenye sinia, dadangu alipopita akauliza mwafanyani na sabuni. Nikamwambia tunasoma.

Swali nililompa lilikuwa hili. Una mchemraba wa mbili, vipande nane. Unataka uwe wa tatu. Unaongeza vingapi? Kwa kutoa tu ni 27 toa 8, 19, lakini nikamwambia usitoe, jenga. Akaweka bamba la vinne upande mmoja, bamba la vinne upande wa pili, bamba la vinne juu. Kumi na mbili. Pakabaki mapengo matatu kama mifereji, kila mfereji unaingia vipande viwili. Sita. Halafu tundu moja pembeni, kimoja. Kumi na mbili na sita na moja, 19. Kutoka wa tatu kwenda wa nne mabamba matatu ya tisa, mifereji mitatu ya vitatu, na kimoja cha pembeni, 27 na 9 na 1, ni 37. Ni hivohivo daima, mabamba matatu, mifereji mitatu, na kipembe.

Akaziandika hizo tofauti kwa mstari: 7, 19, 37, 61, 91. Nikamwambia sasa tafuta tofauti za tofauti. 12, 18, 24, 30. Sasa tofauti za hizo. 6, 6, 6.

Hapa nitasimama kidogo kwa sababu watu wazima wengi nimewaonyesha hili nao hawakuwahi kuambiwa shuleni. Ukichukua namba za mraba, 1, 4, 9, 16, 25, tofauti zake ni 3, 5, 7, 9, na tofauti za tofauti ni 2, 2, 2. Zinatulia kwa hatua ya pili. Za mchemraba zinatulia kwa hatua ya tatu, kwenye sita. Mbili ni 1 mara 2, sita ni 1 mara 2 mara 3, na ukienda kipeo cha nne, mfano 2 mara 2 mara 2 mara 2, zitatulia hatua ya nne kwenye 24. Kwa hivo mtoto akisahau mchemraba wa 7 haina haja ya kulia, ana 216 ya mchemraba wa 6, ana tofauti ya mwisho 91, anajua ngazi inayofuata ni 36, 91 na 36 ni 127, 216 na 127 ni 343. Ile 343 iliyokuwa inamtoroka kila jioni sasa anaijenga mwenyewe.

Na hapa lazima niseme habari ya jabia, lile tangi la maji la kuchimbwa chini, manake somo hili mi nililipa pesa.

Nyumbani tulikuwa na jabia ndogo ya maji ya mvua, meta 1.5 kila upande kwenda chini. Lita moja ni mchemraba wa sentimita 10, kwa hivo hiyo jabia ilikuwa vilita 15 kwa 15 kwa 15, lita 3375. Familia ikaongezeka, nikamwita fundi nikamwambia nataka mara mbili ya hii. Fundi akachimba meta 3 kwa 3 kwa 3. Mi nikaona sawa, moja na nusu mara mbili ni tatu, sikufikiria zaidi. Kuchimba kukawa hakuishi, saruji ikawa inaletwa na mashua, inapandishwa na punda hadi mlangoni, inaisha, naagiza nyingine. Kumbe ukizidisha kila upande kwa mbili kuta na sakafu zinakuwa mara nne, na maji yanakuwa mara nane. Lita 27,000. Nilitaka 6750. Paa letu halina uwezo wa kukusanya mvua ya kujaza kitu kile, na msimu baada ya msimu jabia hukaa na maji hayafiki hata nusu. Simlaumu fundi, alifanya nilichosema na mi ndo niliyesema vibaya.

Nilichohitaji ni kuta za meta 1.89. Sentimita 39 tu za kuongeza kila upande. Ipigie mwenyewe kwenye simu, 1.89 mara 1.89 mara 1.89, utapata 6.75. Kuongeza mchemraba mara mbili unazidisha upande kwa kama 1.26, na hiyo namba ilishawasumbua Wagiriki wa kale, wana hadithi kwamba watu wa kisiwa cha Delos waliambiwa waifanye madhabahu yao ya mchemraba iwe mara mbili ili tauni iondoke, wakazidisha pande zote kwa mbili ikawa mara nane. Wakahangaika karne na karne kuuchora huo upande kwa rula na bikari peke yake, mpaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel akathibitisha kwamba kwa vyombo hivo viwili haiwezekani kabisa. Mpwa wangu nilipompa hesabu ya jabia alicheka kwanza, halafu akaipiga, halafu akanyamaza akasema pole mjomba.

Sasa nije kwenye kile kilichonifanya niandike.

Ilikuwa baina ya magharibi na isha, duka limetulia, taa imewaka. Nikamwambia tandaza vipande kwenye sinia, vilale, visipandane. Weka kimoja pembeni. Huo ni mchemraba wa moja. Sasa chukua mchemraba wa mbili, vipande nane, uvizungushe kando ya kile kimoja ili upate mraba. Akavipanga, vikawa tisa, tatu kwa tatu. Sasa chukua mchemraba wa tatu, lakini usiuvunje kipande kimoja kimoja, uteremshe tabaka tabaka. Matabaka matatu ya tisa tisa. Akaliteremsha la kwanza kulia kwa ule mraba. La pili chini yake. La tatu pale pembeni kwenye pengo lililobaki. Likaingia likajaa.

Sita kwa sita. Hakuna pengo, hakuna kilichozidi.

Akavuta pumzi. Moja na nane na ishirini na saba ni thelathini na sita, na sita ni moja na mbili na tatu. Mbio mbio akachukua mchemraba wa nne, matabaka manne ya kumi na sita, moja pembeni kabisa, na matatu yaliyobaki, moja limewekwa kulia, moja chini, na la mwisho likakatwa nusu kwa nusu, nusu huku nusu huku. Kumi kwa kumi. Mia. Na kumi ni moja na mbili na tatu na nne. Sabuni nane zikabaki nje ya mraba kwenye sinia.

Ukijumlisha michemraba yote ya kwanza kwa mfuatano unapata mraba, na mraba wenyewe ni wa jumla ya namba zile. Hadi kumi ukijumlisha namba zenyewe ni 55, na michemraba yake jumla ni 3025, yaani 55 kwa 55. Mwanahesabu aliyeupanga huu mpango wa kuzungusha mraba kwa ukanda ni Al-Karaji, aliyekuwa Baghdad karibu miaka 1000 iliyopita, ameueleza kwenye kitabu chake Al-Fakhri, tena hadi kumi hiyohiyo. Ukanda wa mwisho una upana wa 10 kuzunguka mraba wa 45, mikono miwili ya 45 mara 10 ni 900, na pembe ya 10 mara 10 ni 100, jumla 1000, ambayo ndo mchemraba wa kumi. Bila sabuni, bila sinia, bila simu.

Na namba ya kipeo cha tatu wanahesabu wa Kiarabu wa zama zile waliiita kaab. Nilipolitaja hilo Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti ndani ya duka na tasbihi yake, ye hafuatilii mambo ya hesabu, lakini alinyanyua uso. "Kaab ya Kaaba?" Nikamwambia ndiyo, asili moja. Akamwita mjukuu, "Ndoo hapa," akamshika mkono, akamwambia hebu nielezee mimi hicho munachokifanya. Na mtoto akamweleza. Alimweleza vizuri kuliko nilivyomweleza mimi, akitumia vidole vya Bibi kuonyesha urefu na upana na kimo.

Kwa wale wenye watoto, ukitaka kuendelea na mchezo huu, kuna njia ya witiri. Witiri ni ile ile ya sala, namba isiyogawanyika kwa mbili, na mtoto wa hapa anaielewa mara moja kwa sababu ya witri baada ya isha. Panga witiri zote kwa mfuatano halafu zikate moja, mbili, tatu, nne: 1, halafu 3 na 5, halafu 7 na 9 na 11, halafu 13, 15, 17, 19. Jumlisha kila fungu: 1, 8, 27, 64. Na sababu yake unaiona kwa matabaka, 27 ni tisa, tisa, tisa, hamisha viwili kutoka tabaka la juu upeleke la chini, unapata 7, 9, 11. 64 ni kumi na sita mara nne, hamisha vitatu kutoka la kwanza kwenda la mwisho na kimoja kutoka la pili kwenda la tatu, 13, 15, 17, 19. Na kwa kuwa witiri ukizijumlisha tangu moja daima zinatoa mraba, ile siri ya Al-Karaji inarudi tena kwa mlango mwingine.

Kuna na tarakimu za mwisho. Michemraba ya 0 hadi 9 inaishia na 0, 1, 8, 7, 4, 5, 6, 3, 2, 9, kila tarakimu mara moja tu, na zinazobadilishana ni 2 na 8, 3 na 7, nyingine zote zinabaki na mwisho wao. Ndo maana mpwa wangu sasa anakaa barazani na watu wazima wakiwa na simu zao anawaambia, chagua namba ya tarakimu mbili, izidishe mara yenyewe, halafu mara yenyewe tena, niambie jibu tu. Mzee mmoja akamwambia 74088. Inaishia na 8, kwa hivo ya mwisho ni 2. Toa tarakimu tatu za nyuma inabaki 74, iko baina ya 64 na 125, kwa hivo ya mbele ni 4. "Arobaini na mbili." Mwingine, 300763. Mwisho 3, basi 7. Mia tatu iko baina ya 216 na 343, basi 6. "Sitini na saba." Wazee wakaanza kutazamana. Mi nasisitiza aeleze namna anavyofanya, kila mara, na yeye anaeleza, na sasa kuna mvuvi mmoja anaijua vilevile na anaifanya ufukweni.

Arobaini na mbili yenyewe ina habari yake. Wanahesabu walikuwa wanatafuta michemraba mitatu ambayo jumla yake ni 42, ruhusa kutumia namba hasi, na kwa namba zote chini ya mia zinazowezekana ilishapatikana isipokuwa hiyo. Ilipatikana Septemba 2019, Andrew Booker wa Bristol na Andrew Sutherland wa Marekani, kwa kuunganisha kompyuta za watu wengi duniani, na kila moja ya zile namba tatu ina tarakimu 17. Nilipomwambia hilo alichoka nalo kidogo, nadhani namba zilikuwa kubwa mno hazishikiki.

Yeye alikuwa na lake. Ijumaa iliyopita usiku nimeshafunga duka nikasikia mlango unagongwa, ni yeye na kakake, na daftari.

"Mjomba, nimekosa kwa kimoja."

Alikuwa anatafuta michemraba miwili ambayo ukiivunja na kuichanganya inajenga mmoja, bila kubaki kitu. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amefika 6 na 8: 216 na 512 ni 728. Mchemraba wa 9 ni 729. Kipande kimoja cha sabuni! Alikuwa na hasira kabisa, alidhani amekosea kujumlisha, nikazipiga na mimi, hakukosea. Nikamkalisha nikamwambia ukweli, kwamba miwili haitapatikana kamwe, hata akienda mbali vipi. Mwanahesabu Al-Khujandi aliyasema haya zaidi ya miaka elfu iliyopita na uthibitisho wake haukusimama, mpaka mwanahesabu Leonhard Euler akaja akaonyesha njia kwenye kitabu chake cha aljebra cha 1770, na hata yake kuna hatua moja ilibidi ije kutengenezwa baadaye. Akauliza, kwa hivo hata milioni? Hata milioni. Akaliangalia lile daftari muda mrefu. Nikaogopa nimemvunja moyo.

Jumamosi asubuhi alikuja na mstari mmoja: 27 + 64 + 125 = 216.

Watatu, wanne, watano, wanatoa sita. Miwili haiwezekani lakini mitatu inawezekana, na tena ni jirani kwa jirani, tatu, nne, tano, sita. Akasema anataka kuviona. Anataka michemraba mitatu isimame kwenye sinia halafu aivunje mbele ya Bibi na ajenge mmoja kwa vipande vilevile. Nikahesabu tulivyonavyo, 108. Anahitaji 216. Ni mara mbili kamili, vipande vinne vingine vya kuchonga, sentimita 6 kila upande.

Sasa hivi ninavyoandika vitatu viko tayari juu ya rafu vinakauka, amesema viachwe kwanza viote ngozi, na yeye amekaa barazani na mshipi umezungushwa kwenye mche, ameshika ncha mbili, ananisubiri nimshikie rula.